Vyote Uani

Joto lilipoingia, nyumba ya Mama Bibie ilianza kutapika vitu. Vyumba vile viwili, ambavyo mwaka mzima vilikuwa vimewameza watu watano kimyakimya, sasa vilikataa. Godoro la watoto lilitolewa chumba cha ndani, maana bati la huko lilikuwa linawaka kama kikaango, likalazwa sebuleni karibu na mlango, na tangu lilazwe hapo hakuna aliyepata nguvu ya kulirudisha. Ndoo za maji zilipanga foleni ukutani kwa sababu bomba la uani lilitoa maji siku lilipojisikia. Shule zilikuwa zimefungwa. Mapacha, wavulana wa miaka saba wenye sauti za watoto kumi, walivua mashati popote joto lilipowakuta na kuyaacha hapohapo.

Tena mwaka huo kulikuwa na Fundi. Mume wa Mama Bibie alikuwa mwashi, mtu wa kutoka alfajiri na kurudi jioni na saruji kwenye nyusi. Lakini jukwaa lilimwangusha kabla tu ya shule kufungwa, na sasa mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya plasta toka kwenye wayo hadi pajani. Alikaa kutwa kwenye kiti pekee kilicho kizima, mguu juu ya kigoda, magongo ubavuni, akiita.

"Bibie! Maji."

"Bibie! Hawa wadogo zako wataniua kwa kelele."

"Bibie, redio yangu nani kaigusa?"

Na Bibie, binti wa miaka kumi na tatu ambaye majirani walimpa jina hilo kwa mwendo wake wa kunyoosha shingo kama mke wa mkubwa, aliitika kila mara.

Mama yake hakuwepo kusikia. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, na miezi ya joto ndiyo wageni walipojaa. Mashuka yalikuja milima kwa milima, yakitoka kwenye mashine yakiwa bado yanafuka mvuke, naye na wenzake wakayanyoosha, wakayakunja, wakayapanga kona kwa kona mpaka yakafanana na vitabu vipya. Jioni alirudi kwake, akafungua mlango, akasimama akitafuta pa kuweka mguu.

"Wageni wamelala vizuri?" Fundi alipenda kumtania.

"Wamelala. Wewe je?"

Alikuwa akicheka bado, siku za mwanzo.

*

Siku aliyoacha kucheka alirudi akakuta rundo la nguo kizingitini. Lilikuwa limepangwa kwa makusudi pale nje ya mlango: mataulo yenye harufu, kaptula za mapacha, mashati ya Fundi, na juu kabisa, kama bendera, nguo zake mwenyewe za ndani. Msusi wa chumba cha jirani alikuwa kibarazani na wateja wawili, vichwa vyao nusu vimesukwa nusu vimesimama. Wote watatu waliangalia upande mwingine kwa pamoja, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Ndani, wifi yake alikuwa amekaa juu ya leso aliyotandika kwenye kiti kibovu ili asichafue gauni. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mwenye duka la kukodisha magauni ya harusi. Tangu ajali itokee alikuwa akileta mchele na mafuta ya kupikia, na kila akileta alikagua nyumba kama mwenye nyumba. Leo alikuwa amefagia mwenyewe. Ufagio alikuwa bado ameushika.

"Wifi, usinielewe vibaya," alisema, maana yake jiandae. "Sikuja kumsema mtu. Lakini nyumba hii haina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi, wifi. Si huyu nimesimama?"

"Wewe uko kazini kutwa. Kaka yangu mgonjwa. Nimeingia hapa nimekanyaga tonge la wali, nikakanyaga kisoda, nikakanyaga mtoto. Mtoto kabisa, kalala sakafuni!"

"Sakafu ndiyo yenye ubaridi, shangazi," pacha mmoja alijitetea kutoka chini ya meza.

"Nyamaza, watu wazima wanaongea. Wifi, nyumba inataka mwanamke kutwa nzima. Sasa tumezungumza, na tumeona hivi..."

"Mmezungumza akina nani?"

"Mimi na kaka. Shule zikifunguliwa, Bibie apumzike kidogo. Ashike nyumba mwaka huu. Baba yake akisimama, naye atarudi darasani."

Mama Bibie alimgeukia mumewe. Fundi alikuwa akichunguza plasta yake kama mtu anayesoma tangazo.

"Baba Bibie?"

"Ni mwaka mmoja tu," Fundi alisema bila kuinua uso.

"Na mwaka huo ukiisha, nyumba itakuwa imeacha kuchafuka?"

Wifi aliinuka, akakunja leso yake polepole. "Basi acha kazi wewe, ukae na nyumba yako."

"Nikiacha tutakula nini?"

"Ndiyo nakwambia!" wifi alisema kwa furaha ya mtu aliyepewa ushindi bure. "Wewe huwezi, kaka hawezi. Aliyebaki ni nani? Nitakuja mwisho wa wiki tumalize jambo hili. Na hizo nguo hapo nje, wifi, zifueni. Zinaaibisha ukoo."

*

Jua lilipopungua makali, Mama Bibie alimkuta binti yake kwenye bomba la uani, akisugua sufuria kwa mchanga. Maji yalitoka kamba nyembamba kama uzi. Alichutama pembeni yake, akachukua sufuria ya pili.

"Umesikia alichosema shangazi yako?"

"Nimesikia. Nyumba yenyewe ina kuta basi?"

"Unasemaje?"

Bibie aliendelea kusugua. "Kama itasaidia, sawa."

"Sikuulizi kama itasaidia. Nakuuliza wewe unataka nini."

"Mama, kwani sasa hivi nafanya nini?" Aliuliza bila hasira, kama anayeuliza njia. "Tangu tufunge shule sijafungua daftari. Nikikaa, baba anaita. Baba akinyamaza, hawa wanapigana. Ukirudi wewe unauliza kwa nini vyombo havijaoshwa. Sasa wakisema nibaki, ni jina tu ndilo litakalobadilika."

Mama Bibie aliitazama mikono ya mwanawe. Kati ya vidole ngozi ilikuwa imepasuka kwa sabuni, mikono ya mfanyakazi wa zamani wa chumba cha kufulia, imechomekwa kwenye mwili wa mtoto. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akirudi kila jioni na kuuliza habari za vyombo. Hakuwahi hata siku moja kumwuliza mwenye mguu wa plasta.

"Lete hiyo sufuria," alisema.

"Nimeshaanza, mama."

"Lete, nimesema. Nenda kakae."

"Nikae wapi?"

Hapakuwa na pa kukaa.

*

Kubadilishana zamu msimu wa wageni ni sawa na kuomba figo ya mtu. Msimamizi wake, bwana mmoja aliyevaa tai hata kwenye mvuke, alimsikiliza huku akitia alama kwenye orodha ya mashuka.

"Umepatwa na msiba?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Hapana. Kuna kazi nyumbani."

Msimamizi alicheka mbele za watu. "Kazi nyumbani! Kila mtu ana kazi nyumbani, mama. Tukifuata hayo wageni watalalia magunia. Hapa si nyumbani kwenu."

"Ndiyo, bwana. Ndiyo maana nataka kwenda kwetu. Mwenzangu huyu amekubali kusimama badala yangu, nami nitasimama zamu zake mbili." Hakupunguza sauti. Wenzake waliacha kukunja. "Ukinikatalia sitakuja vilevile, ila tutakuwa tumeudhiana bure."

Msimamizi alimtazama kama shuka lililobadilika rangi ghafla. Akasema aende, ila asizoee.

*

Kesho yake asubuhi, kabla bati halijaanza kulia, Mama Bibie alijifunga kitambaa kichwani, akafungua mlango wazi na dirisha wazi, akaanza kutoa. Alitoa godoro. Alitoa meza, sufuria, masanduku, mabeseni, viatu visivyo na wenzake. Alitoa mapazia. Mapacha waliona ni sherehe, wakambebea vitu kwa vifijo. Bibie alisimama mlangoni, hajui acheke au akimbie.

"Jirani, mnahama?" Msusi aliuliza kutoka kibarazani, kitana kinywani.

"Hatuhami. Ndiyo kwanza tunahamia."

"Mnahamia wapi?"

"Hapahapa."

Msusi alitoa kitana kinywani. "Haya. Mimi leo sifungi duka mapema, sinema yenyewe imenifuata."

Kilichobaki ndani kikawa Fundi na kiti chake. "Mama Bibie, kuna nini?" alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanatuangalia."

"Wamekwishaona chupi zangu. Hakuna kikubwa kilichobaki. Nyanyuka, baba, nitoe kiti."

"Mimi ni mgonjwa!"

"Nitakusaidia."

Alimtoa mumewe kwapa kwa kwapa mpaka kivulini, akamketisha katikati ya mali yake yote. Hapo, chini ya mwanga, mali ile ilionekana ilivyo: redio tatu, mbili maiti, mifuko mitupu ya saruji aliyoitunza Fundi ikisubiri kazi isiyojulikana, ndoo zisizo na vitako, vikombe visivyo na mikono, nguo za mapacha za walipokuwa wachanga.

Mama Bibie alipiga makofi mara moja, kama mwalimu. "Sikilizeni. Hakuna kitu kinachorudi ndani bila mwenyewe. Ukisema chako, basi wewe ndiye utakayekiosha, utakikunja, utajua kinakaa wapi. Kisicho na mwenyewe kinaondoka leo. Na asiite mtu 'Bibie' leo. Bibie naye ana vitu vyake vya kutafuta."

"Ndoo ya bluu yangu!" pacha mmoja alidakia.

"Yako? Basi maji yake ni yako. Ikikauka nitakuuliza wewe."

Pacha alifikiri. "Basi ya huyu," akamwonyesha mwenzake.

Hata Msusi alicheka. Fundi hakucheka. Mkewe alimwekea beseni la vyombo mapajani, akaongeza kipande cha sabuni.

"Nini hiki?"

"Vyombo."

"Mama Bibie, mimi ni mwanamume. Nimejenga nusu ya mtaa huu."

"Najua, na kuta zako zimenyooka. Kilichovunjika ni mguu, baba. Mikono hii ina nini?"

"Unanidhalilisha mbele za watu."

"Sivyo," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa haina mzaha. "Kudhalilisha ni kukubali mtoto wangu atolewe shule, halafu mimi niambiwe nikishavua viatu mlangoni. Hukunidhalilisha uani, ulinidhalilisha sebuleni kwangu. Osha."

Ilikuwa bahati mbaya, au bahati nzuri, wakati huohuo wakapita waashi wenzake watatu wakielekea kazini, ndoo mabegani. Walisimama. Mmoja alipiga mluzi mrefu.

"Fundi! Siku hizi unapiga lipu sahani?"

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Shingo ya Fundi ilivimba. Alilisukuma beseni likamwagika, povu likatiririka hadi kwenye godoro, sahani moja ya bati ikabingirika na kulia njia nzima mpaka kwa Msusi. Wale watatu waliona mzaha umeharibika, wakaondoka. Mama Bibie hakuiokota sahani. Aliendelea kukung'uta mapazia kama hakuna kilichotokea, na mapacha, waliozoea mtu fulani akimbilie kuokota, wakabaki wakiangaliana.

Fundi alikaa hivyo, kidevu kifuani, suruali imelowa. Ndipo alipomwona binti yake. Bibie alikuwa ametoa begi lake la shule, na alikuwa akilitua taratibu kwenye rundo la vitu vya kutupwa, baina ya redio maiti na ndoo isiyo na kitako. Juu yake akaiweka sketi yake ya shule, imekunjwa vizuri.

"Unafanya nini?" Fundi aliuliza.

"Naweka kisicho na mwenyewe."

"Begi lako hilo."

"Shangazi amesema sitalihitaji. Na wewe ulisema sawa, baba. Nafasi yenyewe ndogo."

Hakusema kwa kujibizana. Hakuwa akimlipizia mtu. Alikuwa anapanga nyumba tu, kama alivyopanga siku zote, na alikuwa ameshageuka kutafuta kingine cha kutoa. Hilo ndilo lililomchoma Fundi. Alimfuata kwa macho mpaka mlangoni. Kisha akavuta magongo yake, akajiinua kwa kuguna, akaenda hatua baada ya hatua mpaka kwenye rundo, akainama alivyoweza. Mkewe alifanya kama anataka kumsaidia, akajizuia. Ilichukua muda. Begi liliponing'inia shingoni mwake, alikuwa akihema kama aliyepanda ghorofa.

"Hili langu," alisema. "Limepata mwenyewe. Lisiguswe." Halafu, baada ya kukohoa: "Ile sahani imeenda wapi?"

"Ipo huku, shemeji," Msusi alisema. "Njoo uichukue. Mimi nasuka."

*

Siku zilizofuata hazikuwa laini. Fundi aliosha vyombo kwa hasira, vikombe viwili vikafa mikononi mwake. Alipika wali ukawa uji, akaulazimisha uwe uji. Mara tatu aliita "Bibie!" mkewe akiwa nyumbani, na mara tatu mkewe akamwuliza: "Unamwitia nini?" naye akajidai alikuwa anaimba. Lakini aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu umenyooshwa mbele kama bomba, akawaamuru mapacha wamletee matofali yaliyolala nyuma ya nyumba, akajenga kwa udongo na saruji ya masalio shubaka refu la ngazi tano kwenye ukuta wa sebule. Kila mtu akapata ngazi yake. Godoro, mchana, likasimamishwa nyuma ya mlango. Nyumba haikuwa hoteli. Jasho lilikuwa palepale, bati lilikuwa palepale. Ila mtu aliweza kuvuka kutoka mlangoni hadi dirishani bila kuomba radhi.

Wifi alifika mwisho wa wiki kama alivyoahidi. Hakuja na mchele. Alikuja na gauni jipya la kazi, la kumvalisha Bibie akiwa anafanya kazi za ndani, na akasimama nalo uani mkononi, maana alimkuta kaka yake kwenye kamba, gongo moja kwapani, akianika mashuka.

"Kaka! Umelishwa nini?"

"Karibu, dada. Shika pembe hiyo, linaburuta."

"Sishiki! Mwanamume mzima, mtoto wa baba yetu, unaanika nguo za mke mchana kweupe? Huyu mwanamke amekugeuza nini?"

"Hizi si za mke. Hili nalalia mimi."

"Usinifanyie utani. Bibie yuko wapi?"

"Ndani. Anasoma."

Mama Bibie alitoka akifuta mikono. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, ile ya kulipa, na macho yalikuwa mekundu. "Shikamoo, wifi," alisema, maana wifi alimzidi umri, na adabu hakuwa na ugomvi nayo.

"Sitaki shikamoo yako. Mlikubali hapa. Kaka, ulikubali kwa mdomo wako."

Fundi alibana shuka kwa vibanio viwili kabla ya kujibu. "Nilikubali. Nilikosea. Binti anarudi shule, dada."

"Na nyumba?"

"Nyumba tunaishika wenyewe. Ikichafuka, imechafuka."

"Mimi nimewalisha miezi hii!" Sauti ya wifi ilipanda mpaka wateja wa Msusi wakakaa sawa. "Mchele wangu, mafuta yangu! Hayo ndiyo malipo? Basi msinitafute. Sikilizeni majirani, muwe mashahidi: wasinitafute!"

Mama Bibie alijua uzito wa neno lile. Mchele wa wifi ndio uliokuwa ukivusha mwisho wa mwezi, na plasta ilikuwa haijatolewa. Aliona jinsi mumewe alivyolikaza gongo. Lingekuwa jambo rahisi kusema samahani, tukae tuzungumze.

"Tunakushukuru kwa mchele, wifi," alisema. "Tulikula kweli, na siwezi kusema hatukula. Ila kama ulikuwa unamnunua mwanangu kwa mchele huo, ungetuambia mapema tukalala njaa."

Wifi alilitupa lile gauni la kazi juu ya kamba, kati ya mashuka, akageuka, visigino vikipiga saruji mpaka nje ya lango.

"Hilo gauni nalo?" pacha mmoja aliuliza. "La nani?"

"Mpe Msusi," Fundi alisema. "Afutie mikono."

*

Ndiyo, walikula kwa kubana baada ya hapo. Chai iliacha kuwa na maziwa, halafu ikaacha kuwa na sukari. Mama Bibie alisimama zamu za watu mpaka miguu ikavimba, na wifi alipita mtaa wa pili akiwa na habari zao kwa kila aliyetaka kusikia: kwamba nyumba ile mwanamume anadeki. Alikuwa anadeki kweli. Habari ikifika kwake aliongeza maji kwenye ndoo.

Asubuhi ya kufungua shule joto lilikuwa bado halijaondoka. Pacha mmoja hakujua alikoweka kiatu, mwingine alikuwa amemwaga uji kwenye shubaka, na Fundi alikuwa akimfunga huyo wa uji vifungo vya shati huku amelala ubavu sakafuni, plasta imetanda mlangoni, kila anayepita aruke. Ilikuwa fujo tupu. Bibie alikuwa tayari amevaa, begi mgongoni, shingo imenyooka. Akaona kikombe mezani, cha mtu fulani, kimeachwa na masalio ya chai. Mkono ukaenda wenyewe.

"Kiache," mama yake alisema.

"Nakisuuza tu, mama. Ni dakika."

"Kiache hapo."

"Kitavutia nzi."

"Waje."

Bibie alikishika kidogo zaidi, kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Kisha akakirudisha mezani, kichafu vilevile, akaruka mguu wa baba yake, akatoka.